Mto Unatenganisha Nini na Nini

Swali nililitunga mwenyewe, nikaliandika ubaoni kwa mkono wangu: Mto Ruvuma unatenganisha nini na nini? Lilikuwa jaribio la mwezi, Maarifa ya Jamii, darasa la tano. Niliweka swali hilo la kwanza makusudi, ili hata yule aliyesinzia somo zima apate pa kuanzia. Mtoto anayekaa Kitaya, anayeoga mto ule na kula samaki wa mto ule, atashindwaje kuandika Tanzania na Msumbiji?

Wakashindwa. Nilikaa katika chumba cha walimu na kalamu yangu nyekundu, na kila karatasi niliyofunua ilinipandisha damu. Mmoja kaandika mto unatenganisha nyumba na shamba. Mwingine kaandika sisi na mpunga wetu. Mtoto wa mwenye duka kaandika duka na wateja, na hapo nilicheka kwa sauti mpaka mwalimu mkuu akanitazama juu ya miwani. Mimi ni mtu wa Mikindani. Nimekulia baina ya nyumba za mawe ambako mtu akikosea neno moja hadharani hutaniwa nalo mpaka siku ya hitima yake, na ulimi wangu haujajifunza adabu nyingine. Nikaanza kuwasomea wenzangu majibu yale kwa madaha, moja baada ya jingine.

Nikaifikia karatasi ya binti mmoja anayekaa dawati la mbele, upande wa dirishani. Nikaisoma kwa sauti ileile ya mzaha: Mto Ruvuma unatenganisha mimi na mama.

Nikaishia hapo. Hakuna aliyecheka, nami sikuendelea kusoma. Karatasi ile sikuitia tiki wala kosa, nikaiweka chini ya nyingine.

Wakati naanza kazi kijijini pale sikuwa nimeelewa namna watu wa ukingoni wanavyoishi. Kwetu Mikindani ukisema ng'ambo, mtu anafikiria safari, sanduku na kuagana. Kitaya ng'ambo ni upande wa pili wa mto, panapoonekana moshi wa jirani yako akipika. Nyumba iko huku na mpunga uko kule. Mpunga unapoanza kubeba, ndege wanaweza kulimaliza shamba zima, kwa hiyo lazima mtu akakae huko katika dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, apige kelele na kurusha mawe kutwa nzima mpaka mavuno. Kazi hiyo aghalabu ni ya wanawake. Mama wa yule binti alivuka mwishoni mwa masika, akamwacha mtoto kwa bibi yake.

Siku chache baadaye ikatoka amri kwamba hakuna kuvuka. Hali huko ng'ambo haikuwa shwari. Mitumbwi ikavutwa nchi kavu, mgambo wakawekwa kivukoni, na waliokuwa huku wakabaki huku na waliokuwa kule wakabaki kule. Mwanzoni mama yule alipiga kwa simu ya kuazima, akamwambia bibi kwamba mpunga unaendelea vizuri na ndege ni wengi. Kisha simu zikakoma. Kijiji kizima kilijua kwamba zimekoma, na hakuna aliyelisema jambo hilo mbele ya mtoto, kana kwamba mtoto hana masikio.

Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka semina mjini Mtwara nikiwa nimejaa moto. Mwezeshaji alitwambia tuache kufundisha masomo kama mayai kwenye trei, kila moja na kishimo chake. Alisema tuyachopeke. Chopekeni Maarifa ya Jamii ndani ya Hisabati, alisema, chopekeni Sayansi ndani ya Kiswahili, mtoto aone kwamba dunia ni moja. Neno lile lilinichekesha, maana kwa bibi yangu kuchopeka ni kutia kisu kwenye makuti ya paa ili watoto wasikifikie. Usiku nilimsimulia dada yangu anayekaa Chuno, palepale mjini, nilikofikia, naye akasema bila kuacha kusuka ukili wake wa mkeka, "Haya, kachopeke. Ila ukumbuke ulipokichopeka."

Nikarudi Kitaya nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nataka kulipeleka darasa la tano mtoni. Ni mtu mzima wa Newala, mpole, anayeogopa lawama kuliko anavyoogopa nyoka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Madamu, mto si ubao," akasema. "Ubao hauna mamba."

"Na wao si wageni wa mto, mkuu. Wanateka maji humo kila siku."

"Wanateka kwa kuogopa. Wewe unataka wakapime."

Nilibishana naye siku mbili. Mwishowe akaniruhusu kwa masharti: iwe jua limeshatoka, mwenyekiti wa kijiji ajue, na mgambo mmoja awe nasi tangu kushuka mpaka kupanda. Nilikubali yote kwa haraka ya mtu aliyeshinda.

Tulishuka asubuhi yenye jua, mgambo mbele na bunduki begani, darasa katikati kwa mstari, mimi nyuma nikiwakemea wanaochomoka kwenda kukimbiza panzi. Somo la kwanza lilikuwa kupima upana wa mkono wa mto ulio upande wetu, kati ya ukingo na fungu la mchanga lenye matete katikati ya mto, bila mtu kulowesha hata kidole. Unasimama mkabala na tete moja refu la fungu lile. Unatembea kwa hatua kufuata ukingo, unapiga kigingi, unatembea tena hatua zilezile. Kisha unaupa mto mgongo na kuondoka nao mpaka ukigeuka uone kigingi na lile tete vimekaa mstari mmoja. Hatua ulizoondoka nazo ndizo upana wa maji. Ni pembetatu tu, iko kitabuni. Lakini watoto walipoona maji yanapimwa na mtu anayeyapa mgongo, walinyamaza kama wameonyeshwa kiinimacho.

Baada ya hapo tukapima mwendo wa maji. Saa ya kupimia hatukuwa nayo, tulikuwa na tebo. Nilisimamisha vigingi viwili ukingoni, mtoto mmoja akatupa gunzi la mahindi majini usawa wa kigingi cha kwanza, na wote tukaanza kuimba tebo ya tatu. Tatu mara moja tatu, tatu mara mbili sita, na gunzi linakwenda huku linazungukazunguka. Tulifika tatu mara kumi na mbili thelathini na sita, tukanyamaza, ndipo likapita kigingi cha pili. Wakapiga makofi wenyewe.

Nami kwa utani wangu nikasema, "Mkiona gunzi limefika na tebo haijaisha, jueni mto una haraka. Na mwenye haraka hampishi mtu."

Walicheka wote isipokuwa yule binti. Yeye aliyarudia maneno yangu kwa midomo bila sauti, kama mtu anayehifadhi aya. Nilimwona, na nilifurahi.

Tulimalizia kwa kuchora mchangani mikono miwili ya mto, fungu la mchanga katikati, mashamba ya ng'ambo, na kila mtoto akaweka jiwe mahali lilipo dungu la kwao. Binti aliweka jiwe lake, akalisogeza kidogo, akalitazama, akalisogeza tena. Kwa somo la Kiswahili nikawaagiza kila mmoja aende kwao akaulize habari za mto na kuja kuzisimulia. Nilipanda kutoka mtoni siku ile nimevimba kichwa. Masomo manne, asubuhi moja, na hakuna aliyesinzia.

Wengine walileta simulizi za majini na samaki wenye pete tumboni. Binti yule alileta maswali, na kila siku alikuwa na jipya. Mamba anapenda kulala wapi, kwenye matope au kwenye mchanga? Ule mkono wa pili wa mto, wa upande wa kule, maji yanamfika mtu mzima wapi? Nilimjibu nilichojua, na nisichojua nikamtuma akamuulize bibi yake. Siku tulipofundisha vitu vinavyoelea na vinavyozama alinyoosha mkono kabla sijamaliza kuandika kichwa cha somo.

"Mwalimu, dumu tupu lenye kifuniko linaweza kumwelesha mtu?"

Ningeweza kumkumbatia. Nilimtuma mtoto mmoja akalete dumu na beseni kubwa la jikoni, tukalisukuma dumu chini ya maji nalo likatutoka mikononi na kuruka juu, darasa likaangua kicheko. Tukalijaza, likazama. Nikawaeleza hewa na uzito, nikasema ndiyo, dumu tupu lililofungwa vizuri linaweza kumwelesha mtoto wa kadiri yako. Nikaamuru apigiwe makofi.

Wakati wa mapumziko nilimwambia mwalimu mkuu, "Huyu binti amechopeka masomo yote kwa swali moja. Waje hao wa semina wamwone."

"Na hilo jibu analitakia nini?" akauliza.

"La kujua, mkuu. Mtoto anataka kujua."

Akanitazama, akarudi kwenye chai yake.

Wiki ile Kitaya ilikuwa kavu. Muhogo ulioanikwa juu ya mapaa ulikauka kwa siku mbili. Kumbe mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha huko juu, upande wa Songea, na maji ya mto yakija hayapigi hodi.

Asubuhi moja, kwenye mstari, nafasi yake ilikuwa wazi. Sikushtuka sana. Watoto hukosa shule kwa homa, kwa shamba, kwa uvivu tu. Tuliingia darasani, nikaanza kuandika tarehe ubaoni, na kupitia dirishani nikamwona bibi yake anakuja, anakata uwanja katikati badala ya kupita njiani, kanga moja mkononi na kichwa wazi.

Nikatoka. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu mwanamke wa umri ule haachi shikamoo ianguke chini bila sababu.

"Mjukuu wangu kafika huku?"

"Bado, bibi. Nilidhani yuko nyumbani."

"Katoka alfajiri na dumu. Nkasema kaenda kuteka medi." Medi ni maji kwa Kimakonde. Alikuwa akihema, na Kiswahili chake kilikuwa kinamkimbia. "Nkaenda kisimani, hayuko. Kamba yangu ya kuni haipo. Na jana jioni katafuta kifuniko cha dumu, katafuta mpaka kakipata. Mwalimu, mtu anayeteka maji, kifuniko cha nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, chaki bado mkononi.

Kutoka shuleni mpaka mtoni ni mteremko wa mikorosho, na njia ile niliipita mara nyingi, lakini siku ile haikuwa na mwisho. Kila mti niliopita ulinikumbusha somo. Upana anaujua, nimempa mimi. Mwendo wa maji anaujua. Dungu la mama yake analijua lilipo, kaliweka jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Dumu nimempa na makofi juu. Sauti ya dada yangu ilinijia kichwani na ukili wake: ukumbuke ulipokichopeka. Niliogopa, sijawahi kuogopa vile maishani mwangu, na pamoja na woga nilikuwa na hasira na kila kitu. Nilikuwa na hasira na amri, na ndege wanaokula mpunga, na mama aliyevuka, na watu wazima wa kijiji kile walionyamaza mbele ya mtoto mpaka akaona hana wa kumuuliza isipokuwa mto. Nyuma yangu nilisikia nyayo, na mwalimu mkuu, mtu ambaye sijapata kumwona akitembea haraka, akanipita. Alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi.

Mto ulikuwa si ule. Maji yalikuwa ya rangi ya matofali, yamepanda, yanavuta matawi na mgomba mzima na mizizi yake. Lile fungu la mchanga lilikuwa limeliwa nusu. Mgambo wa kivukoni alisema hajaona mtoto yeyote, na kabla hatujamuuliza zaidi alianza kukimbia nasi kufuata ukingo.

Kigingi chetu cha kwanza kilikuwa ndani ya maji, kichwa tu kinaonekana. Kando yake, kwenye tope, palikuwa na nyayo ndogo zinazoshuka majini. Nilizitazama zile nyayo nikitafuta zinazopanda, na macho yangu hayakuziona. Mwalimu mkuu aliita jina lake.

"Naam," ikajibu sauti kutoka nyuma ya matete ya ukingoni, upande wetu.

Alikuwa amekaa chini, amejikunja, sare yake imelowa mpaka kifuani na meno yanagongana. Dumu lilikuwa limefungwa kiunoni kwa kamba ya kuni, mafundo mengi ya kitoto. Mbele ya miguu yake kulikuwa na fungu la magunzi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Sijui hata nilivyoweza.

"Unafanya nini hapa?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Napima."

Akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepewa hesabu yenye makosa. "Nimetupa mengi, mwalimu. Nimeimba polepole, nimeimba upesi. Tebo haiishi. Nikifika tatu mara tano gunzi limeshapita. Nilingoja maji yapungue, yakazidi."

"Umelowa," nikasema.

"Niliingia kidogo kujaribu dumu. Linaelea kweli. Nikarudi, kwa sababu tebo haikuisha."

Niliinua mkono kumpiga. Ndivyo nilivyo, mkono wangu hutangulia, na watoto wa shule ile wote wanaujua. Safari ile ulikwenda juu ukashuka kichwani mwangu mwenyewe, nikakaa kwenye tope na kulia kwa sauti ya msibani. Mgambo akageuza uso. Binti alinitazama kwa mshangao, kisha akaniambia taratibu, "Usilie, mwalimu. Sikuvuka."

Bibi alifika mwisho, anavuta pumzi kwa shida. Hakumkumbatia mtoto wala hakumgombeza. Alipiga magoti, akahangaika na yale mafundo mpaka yakafunguka yote, akachukua dumu akashuka nalo kwenye maji. Mwalimu mkuu alimshika kanga kwa nyuma asije akateleza. Bibi akalijaza maji yale mekundu mpaka shingoni, akafunga kifuniko, akarudi nalo, akamtwika mjukuu wake.

"Twende nyumbani," akasema.

Dumu lililojaa halielei. Hilo nalo nilikuwa nimelifundisha.

Mchana ule mwalimu mkuu alifunga mlango wa ofisi yake, jambo asilolifanya. Miguu yake ilikuwa bado na tope na viatu viko juu ya meza.

"Somo lako nusura lituulie mtoto, madamu."

"Na somo hilohilo ndilo lililomkalisha ukingoni. Asingejua habari ya gunzi angeingia moja kwa moja."

"Asingejua habari ya dumu asingekwenda."

"Angekwenda, mkuu. Angekwenda bila dumu."

Akachukua kitambaa akaanza kupangusa tope miguuni. Nilikuwa nimelisema kwa ukali wangu wa kawaida, lakini ndani sikuwa na hakika, na mpaka leo nikiulizwa katika semina kama njia hii ya kuchanganya masomo inafaa, nasema inafaa, kisha nanyamaza muda mrefu kuliko wanavyotarajia. Mtoto hachopekewi masomo tu. Anakuja na lake limeshachopekwa tayari, nawe huna habari liko wapi.

"Lile jibu lake la kwenye jaribio," mwalimu mkuu akasema baadaye. "Mimi na mama. Uliliwekea nini?"

"Sikuliwekea kitu."

"Litie tiki," akasema, akaanza kuvaa viatu.

Jioni nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa bibi. Mwenyekiti alinieleza kwamba wanawake wa kule hawajasahauliwa. Maji yakishashuka kitaombwa kibali, mtumbwi mmoja uende ukawachukue kwa ulinzi, lakini kwa mto ulivyo hakuna mpiga kafi atakayethubutu hata akipewa kibali cha rais. Nikamuuliza wako wangapi, na wazima? Akasema hajui. Kwa bibi nilimkuta anamenya muhogo, na binti yuko mkekani amegeukia ukuta. Nikakaa chini karibu naye.

"Hutaingia tena majini," nikamwambia. "Kila Ijumaa tutashuka pamoja, mimi na wewe na mgambo, tutatupa gunzi. Siku tebo itakapoisha, nakwenda kwa mwenyekiti kumdai mama yako, na siondoki mlangoni kwake."

Akauliza, bado ameutazama ukuta, "Tebo ya ngapi?"

"Ya tatu. Ileile."

"Na wewe ukiisema polepole makusudi?"

"Utaisema wewe."

Hapo akageuka.

Tulianza Ijumaa iliyofuata. Tatu mara sita. Tukaenda tena, tatu mara saba. Ijumaa moja ilirudi nyuma, tatu mara sita, na mtoto hakusema nami njia nzima mpaka mlangoni kwao. Darasani alikuwa anajibu akiulizwa tu, na swali la kwake hakuuliza tena hata moja. Likizo ikafika nikashindwa kwenda kwetu, nikamtumia dada yangu ujumbe kwamba nina gunzi la kutupa, akadhani nimerukwa na akili. Mpunga wa ng'ambo ulikuwa umeshaiva sasa, au umeshaliwa. Simu haikulia. Bibi alikuwa akitusubiri juu ya mteremko kila safari, haulizi kitu, anaangalia tu tunavyotembea.

Mto ukaanza kujitoa kidogokidogo. Fungu la mchanga likarudi, matete yakaonekana mashina. Tatu mara tisa. Tatu mara kumi. Ijumaa ambayo tebo iliisha gunzi lilikuwa bado linajivuta nyuma ya kigingi kama mtu anayekwenda shambani asikotaka, na tulisimama tukilitazama mpaka likapita. Binti hakushangilia. Alipangusa mikono kwenye sketi akaniangalia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikakaa mlangoni kwake kama nilivyoapa. Ulimi wangu anaujua, na nadhani alisaidia nusu kwa huruma na nusu apate kupumzika. Kibali kilikawia, kikaja. Ikasemwa mtumbwi utakwenda asubuhi fulani na kurudi siku hiyohiyo, na wale watakaokutwa watavushwa. Majina hayakuletwa. Hakuna aliyejua watakaokutwa ni akina nani.

Asubuhi hiyo ukingo ulijaa watu na ulikuwa kimya kama msikiti kabla ya hotuba. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya, mwalimu mkuu alikuja na viatu vyake miguuni, na mgambo wakatupanga nyuma ya kamba. Mtumbwi ulikawia sana. Jua lilipanda, likawa linapiga maji na kutupiga macho. Kisha mtu mmoja akasema, "Wale!" na mtumbwi ukatokea nyuma ya matete ya fungu la mchanga, umejaa watu waliofanywa weusi na mwanga ule, vichwa tu na mizigo, hujui yupi ni yupi.

Binti alikuwa ameishika kanga yangu. Nilimsikia kabla sijamtazama. Alikuwa ameanza, kwa sauti ya chini: tatu mara moja tatu. Nikaidakia. Tulikwenda pamoja, tatu mara nne kumi na mbili, tatu mara tano kumi na tano, na pale kwenye tano mkono wake ulinibana mpaka ukaniuma. Tukapita. Tukafika thelathini na sita, na mtumbwi ulikuwa bado katikati ya maji, nyuso hazijaonekana. Akaniinulia macho.

"Ya nne," nikamwambia.

Nne mara moja nne. Nne mara mbili nane. Bibi naye alikuwa anatembeza midomo, sijui kama alikuwa anahesabu au anasoma dua. Tulikuwa tumesema nne mara saba ishirini na nane pale mwanamke mmoja, amekonda, kitambaa kimemdondoka begani, aliposimama ndani ya mtumbwi kabla haujagusa mchanga. Mpiga kafi akamfokea akae. Hakukaa. Alipaza sauti akamwita binti kwa jina lake la nyumbani.

Nne mara nane hatukuifikia.